Nani hasa huwa anavipiga marufuku vitabu vya Judy Blume?

Judy Blume alichapisha kitabu chake cha tatu mwaka 1970, akiwa mama wa nyumbani mwenye watoto wawili katika jimbo la New Jersey, Marekani. Kiliitwa Are You There God? It's Me, Margaret. Kwa furaha akachukua nakala tatu akazipeleka zawadi kwenye shule ya msingi waliyosoma wanawe. Hazikufika rafuni. Mwalimu mkuu alizikataa kwa sababu ndani yake mna msichana anayesubiri kuvunja ungo, na hilo kwa maoni yake halikuwafaa watoto wa shule ya msingi. Kwamba baadhi ya wasichana wa madarasa ya juu hapohapo shuleni walikuwa wameshavunja ungo halikumshughulisha.

Hiyo ndiyo marufuku ya kwanza kumkuta Blume, na ukiitazama vizuri huoni serikali popote. Hakuna sheria iliyotungwa, kamati haikukaa, waraka haukutolewa. Mtu mmoja mwenye madaraka juu ya rafu alisema hapana, ikawa basi.

Watu wengi wakisikia kwamba Blume ni miongoni mwa waandishi wa watoto wanaopigwa marufuku mno Marekani, hushangaa kwa mambo mawili. Nchi hiyo si ndiyo yenye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayoizuia serikali kubana uhuru wa kusema na kuchapisha? Na kama amepigwa marufuku, imekuwaje vitabu vyake vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 90, na kila duka la vitabu linavyo?

Tunashangaa kwa sababu tumezoea namna nyingine ya marufuku. Februari 2023, Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza orodha ya vitabu 16 visivyotakiwa shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Tangazo moja, nchi nzima. Ukikubaliana nalo au usikubaliane nalo, unajua limetoka kwa nani na siku gani. Marekani hakuna waziri mwenye uwezo huo. Shule za umma ziko chini ya wilaya za elimu zipatazo 13,000, kila moja na bodi yake, na nyingi kati ya bodi hizo huchaguliwa kwa kura na wakazi wa hapo. Kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa halali katika mji huu na kuondolewa katika mji wa pili, umbali wa nusu saa kwa gari. Kitaondolewa na bodi, au na mwalimu mkuu, au na mkutubi aliyeogopa kupoteza kazi. Dukani kitabaki palepale. Atakayekikosa ni mtoto asiye na pesa ya duka, ambaye maktaba ya shule ndiyo maktaba yake pekee.

Blume hakuyajua hayo alipoanza kuandika. Alizaliwa Februari 1938 katika mji wa Elizabeth, New Jersey, kwa jina la Judith Sussman, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa daktari wa meno. Nyumbani kwao vitabu havikufichwa, na msichana aliruhusiwa kusoma karibu kila alichokikuta rafuni. Baba alikuwa mcheshi na mtu wa karibu sana naye. Alifariki ghafla mwaka 1959, wiki chache tu kabla ya harusi ya binti yake. Kifo hicho kitarudi katika habari hii. Blume alisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha New York, akaolewa, akazaa wawili, akajikuta kwenye kitongoji chenye nyumba nzuri na bustani, ambako mke mwema alitarajiwa kuridhika. Hakuridhika. Alijiandikisha kozi ya jioni ya kuandikia watoto, akawa anatuma miswada na kurudishiwa, muda wa miaka miwili hivi, mpaka kitabu chake cha kwanza kilipotoka mwaka 1969.

Kile cha Margaret ndicho kilichomtoa. Margaret Simon anakaribia miaka 12. Wazazi wamemhamisha kutoka jijini New York hadi kitongojini, na ana mawili yanayomsumbua. La kwanza ni mwili: marafiki zake wameunda kikundi cha siri, kila mmoja lazima avae sidiria, na atakayepata hedhi kwanza atawasimulia wenzake. La pili ni Mungu: baba Myahudi, mama katoka familia ya Kikristo, nao wamekubaliana kutomlea katika dini yoyote. Basi kila usiku Margaret anazungumza na Mungu peke yake, kwa siri, kama mtu anavyozungumza na rafiki.

Kuna mahali ambapo Margaret na rafiki yake Janie wanakwenda duka la dawa kununua pedi, ingawa hakuna hata mmoja wao anayezihitaji bado. Wanazungukazunguka dukani kwa sababu aliyekaa kwenye malipo ni mvulana. Hatimaye wanajikaza, wanaweka paketi mezani, wanatazama pembeni. Tukio zima ni kurasa chache tu na hakuna baya lolote ndani yake. Lakini msichana wa mwaka 1970 aliyesoma hapo aligundua kwamba aibu yake haikuwa yake peke yake. Katika mila za mwambao wetu, mwari alikabidhiwa kwa somo, mtu mzima mwenye kazi hiyo, akafundwa. Margaret na wenzake walikuwa na uvumi wa darasani, na filamu moja iliyoletwa shuleni na kampuni ya pedi, ambayo haikuwaeleza kitu walichotaka kujua. Blume aliandika kuhusu pengo hilo.

Malalamiko yalianza mapema. Jioni moja simu ililia nyumbani kwake, mwanamke akauliza kama yeye ndiye aliyeandika kitabu cha Margaret. Aliposema ndiye, yule mama akamwita Mkomunisti akakata simu. Blume amekuwa akisimulia kisa hicho kwa kicheko miaka yote, akisema hajawahi kujua kama Ukomunisti wenyewe ulikuwa katika hedhi au katika dini.

Akaendelea kuandika kwa kasi ya kutisha. Tales of a Fourth Grade Nothing, mwaka 1972, ni vichekesho vitupu vya kaka anayeteswa na mdogo wake Fudge, ambaye mwishoni anammeza kobe wa kaka yake. Deenie, mwaka 1973, ni habari ya msichana mwenye uti wa mgongo uliopinda, anayelazimika kuvaa vyuma vya kumnyoosha tangu shingoni hadi kiunoni huku mama yake akimwota kuwa mwanamitindo. Katika kurasa chache msichana huyo anajigusa mwili wake na kujiuliza kama ndiko kulikomletea ugonjwa. It's Not the End of the World ni talaka ya wazazi kama mtoto anavyoiona. Hakuna alichokibuni ili kuchokoza watu. Alijaribu kukumbuka alivyokuwa na miaka 11, na kumbukumbu yake ilikuwa kali kupita ya watu wazima wengi.

Kitabu ninachokipenda zaidi katika ugomvi huu ni Blubber cha mwaka 1974, kwa sababu kinaonyesha kwamba shida haikuwa ngono peke yake. Hakuna mapenzi humo. Kuna darasa la tano, na msichana mnene aitwaye Linda ambaye wenzake wanamtesa baada ya kutoa mada darasani kuhusu nyangumi. Anayetusimulia ni Jill, na Jill si mtetezi; yumo kundini, anacheka, anashiriki. Mwalimu hajui au hajali. Mambo yanageuka, Jill mwenyewe anaonja uchungu kidogo, kisha maisha yanaendelea. Mchokozi mkuu haadhibiwi. Ndilo lililowakasirisha watu wazima: uovu haukulipwa, na hakuna aliyekuja mwishoni kueleza funzo. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za sungura na fisi, ambapo mwalimu huuliza "hadithi hii inatufundisha nini?", tunaweza kuielewa hasira hiyo. Ila mtoto aliyewahi kuteswa darasani anajua mambo huishaje kwa kweli, na anamwamini mwandishi asiyemdanganya.

Forever… ya mwaka 1975 ndiyo iliyokuja kubeba laana yote. Binti yake Randy, akiwa na miaka kama 14, alikuwa amechoshwa na riwaya ambamo kila msichana anayelala na mvulana hupata mimba, hufukuzwa nyumbani au hufa. Alimwomba mama yake aandike kitabu ambamo vijana wawili wema wanapendana, wanafanya tendo hilo, na hakuna anayekufa. Katherine na Michael wako mwaka wa mwisho wa sekondari. Katherine anakwenda kliniki peke yake kuomba vidonge vya uzazi wa mpango. Kisha penzi lenyewe, lile waliloapa kuwa la milele, linapoa tu na kwisha. Mchapishaji alijihami kwa kukitangaza kuwa kitabu chake cha kwanza cha watu wazima. Blume hakupendezwa na tangazo hilo. Wasomaji aliowakusudia walikuwa vijana, nao walikipata bila kuelekezwa, wakapitishiana madarasani kurasa zikiwa zimekunjwa pembe.

Katika miaka ya sabini malalamiko yalikuwa ya mtu mmoja mmoja. Hali ilibadilika baada ya uchaguzi wa rais wa mwaka 1980. Ronald Reagan aliingia madarakani akiungwa mkono na vuguvugu la Wakristo wahafidhina lililokuwa limejipanga vizuri, na shule zikawa moja ya viwanja vyake vya mapambano. Mzazi mwenye hasira hakuwa tena peke yake. Alikuwa na orodha iliyochapwa, kurasa zimetajwa kwa namba, maneno machafu yamepigiwa mstari, kiasi kwamba hakuhitaji kukisoma kitabu. Kilisambazwa hata kijitabu cha kuwafundisha watu jinsi ya kuviondoa vitabu vya Judy Blume katika shule na maktaba zao. Fikiria kuamka asubuhi ukakuta kuna mwongozo wa kukufuta.

Hapo ndipo Blume alipokutana na Leanne Katz, aliyekuwa akiliongoza shirika dogo la New York liitwalo National Coalition Against Censorship, lililoanzishwa mwaka 1974. Mwandishi ambaye kitabu chake kimeondolewa mji wa mbali hana la kufanya. Hana mtoto katika shule hiyo, hana kura kwenye bodi hiyo. Mwenye la kufanya ni mwalimu au mkutubi wa hapohapo, na huyo ndiye anayeogopa zaidi, maana mshahara wake unatoka kwa bodi. Katz na wenzake walikuwa watu wa kupigiwa simu. Walimwambia mkutubi haki zake, walimwandikia bodi barua, walimtafutia wazazi wa upande wa pili, walimpa utaratibu. Blume alijiunga nao, akaanza kulitumia jina lake kwa ajili ya watu ambao hakuna gazeti lingewauliza maoni. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kazi yake isiyosifiwa vya kutosha. Mtu kutetea kitabu chake ni jambo la kawaida. Yeye aliwatetea waliokiweka rafuni.

Mfano mzuri ni Peoria, mji wa kawaida kabisa katika jimbo la Illinois. Mwaka 1984 bodi ya shule ya huko iliamua kuviondoa vitabu vyake vitatu: Then Again, Maybe I Won't, Deenie na Blubber. Waandishi na mashirika wakapiga kelele nchi nzima, na kabla ya mwaka kwisha bodi ikarudi nyuma, vitabu vikarejeshwa, ila wanafunzi wadogo wakatakiwa kuleta ruhusa ya mzazi. Suluhu ya namna hii ilikuja kuwa ya kawaida. Kitabu hakijapigwa marufuku, kipo, lakini kimehamishiwa chumba cha ndani, na mtoto wa miaka 12 mwenye swali la aibu lazima kwanza akamwombe mama yake barua. Ni watoto wangapi watakwenda kuiomba?

Wakati huohuo alialikwa kwenye mjadala wa televisheni ya CNN, ambako mtangazaji mhafidhina Pat Buchanan alimkalia kooni kuhusu ile habari ya kujigusa katika Deenie, akiirudia na kuirudia. Blume, ambaye si mtu wa makeke, mwishowe alimgeuzia swali: je, si yeye Buchanan anayesumbuliwa na jambo hilo?

Lakini tukio linaloeleza zaidi jinsi udhibiti unavyofanya kazi halikutokea mbele ya kamera wala ya bodi. Lilitokea mezani, kati ya Blume na mhariri wake Richard Jackson, aliyemwamini tangu vitabu vya mwanzo. Walikuwa wanakamilisha Tiger Eyes, kilichotoka mwaka 1981. Ni riwaya ya Davey, msichana wa miaka 15 ambaye baba yake ameuawa kwa risasi na majambazi dukani kwake huko Atlantic City, na familia inakimbilia New Mexico kutafuta pumzi. Blume amesema kwamba muda mrefu baadaye ndipo alipotambua alikuwa akiandika kuhusu kifo cha baba yake mwenyewe. Wengi husema ndicho kitabu chake bora, nami sibishi.

Kazi ikiwa imekaribia kwisha, mhariri alimwonyesha mistari michache. Davey, baada ya majonzi ya muda mrefu, anajigusa huku akimfikiria kijana aliyekutana naye. Ni dalili ya kwanza kwamba mwili wake umerudi kuwa hai. Jackson hakusema mistari ni mibaya. Alimuuliza kama inalazimika kuwepo, maana bila hiyo kitabu kitaingia shule nyingi zaidi na kuwafikia watoto wengi zaidi. Blume alijua mistari ilikuwa na kazi yake katika hadithi. Aliikata. Ameeleza, katika utangulizi wa mkusanyiko wa hadithi aliouhariri mwaka 1999, jinsi alivyojisikia mpweke siku hiyo, na kwamba aliujutia uamuzi huo.

Nani aliipiga marufuku mistari ile? Hakuna bodi iliyoisoma. Hakuna mzazi aliyejaza fomu. Waliokata ni watu wawili waliokuwa marafiki, waliopenda vitabu, wakimwogopa mtu ambaye hakuwemo chumbani. Marufuku nyingi ni za namna hiyo, na haziingii katika hesabu ya mtu yeyote, kwa sababu kisichoandikwa hakina wa kukilalamikia. Mkusanyiko ule wa 1999 aliutengeneza kwa kuwaalika waandishi wengine waliowahi kuandamwa, na mapato yakaenda kwa shirika la Katz.

Sheria nayo inasemaje? Hapa ndipo watu hupotea, tena kwa haki, kwa sababu sheria yenyewe imejikunja. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Island Trees, kitongoji cha Long Island. Wajumbe wa bodi walikwenda kwenye mkutano mwaka 1975, wakarudi na orodha ya vitabu visivyofaa, na mwaka 1976 wakaviondoa vile vilivyokutwa katika maktaba za shule zao. Mwanafunzi wa sekondari, Steven Pico, na wenzake wanne wakaishtaki bodi. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi Juni 1982, na wanafunzi wakashinda. Jaji William Brennan aliandika kwamba bodi haiwezi kukiondoa kitabu maktabani kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Lakini inaweza kukiondoa kikiwa na matusi yaliyokithiri au kikiwa hakifai kielimu. Isitoshe, majaji hawakupata wengi waliokubaliana kwa sababu moja. Baadhi waliunga mkono matokeo bila kuunga mkono hoja. Hivyo Pico alishinda kesi, ila nchi haikupata kanuni iliyonyooka. Tangu hapo, bodi yenye mwanasheria mzuri haisemi kamwe kwamba imechukizwa na mawazo. Inasema kitabu hakifai kielimu.

Vitabu vitano vya Blume viliingia katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu 100 vilivyolalamikiwa zaidi kati ya 1990 na 1999. Kisha pakatulia, au ilionekana hivyo. Mwaka 2004 alipewa nishani ya heshima ya National Book Foundation kwa mchango wake katika fasihi ya Marekani, na ungeweza kudhani vita imekwisha, bibi apumzike. Makazi yake yakawa Key West, kisiwa cha kusini kabisa cha Florida, na mwaka 2016 yeye na mumewe George Cooper wakafungua duka la vitabu lisilo la faida, ambako watalii humkuta mwenyewe akipanga vitabu.

Sasa Florida ndiyo ikawa kitovu. Kuanzia mwaka 2022 majimbo kadhaa yaliacha kuziachia bodi kazi hiyo na kutunga sheria. Machi 2023, muswada wa Florida wa kuzuia elimu ya afya ya uzazi kabla ya darasa la sita ulipojadiliwa, mbunge aliyeuleta aliulizwa kama ungewazuia wasichana wadogo kuzungumzia hedhi shuleni. Alikubali kwamba ungewazuia. Blume aliandika mtandaoni maneno mawili tu: "Sorry, Margaret." Mwezi uleule wa Machi, wilaya ya Martin huko Florida iliripotiwa kuiondoa Forever… katika maktaba zake. PEN America, shirika la waandishi linalotetea uhuru wa kuandika, lilihesabu matukio 10,046 ya vitabu kuondolewa au kuzuiwa katika shule za umma mwaka wa masomo 2023–2024, mengi yakiwa Florida na Iowa. Tukumbuke kwamba wanahesabu matukio. Kitabu kimoja kikiondolewa wilaya kumi ni matukio kumi.

Utah ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria yake ya mwaka 2024, wilaya tatu tu zikikikataa kitabu kwa kuwa na maudhui ya ngono, kinaondolewa katika kila shule ya umma ya jimbo. Orodha ya kwanza, iliyotoka Agosti mwaka huo, ilikuwa na vitabu 13, na Forever… imo, miaka 49 tangu ichapishwe. Maelekezo yakasema nakala zilizoondolewa zitupwe kwa njia halali, zisiuzwe wala kugawiwa. Mwaka uliofuata Netflix ilitoa tamthilia ya Forever, hadithi ikiwa imehamishiwa kwa vijana weusi wa Los Angeles, na kijana yeyote wa Salt Lake City mwenye simu anaitazama.

Wanaopinga vitabu hivi si wote wakorofi, na mwandishi anayewachora hivyo anajidanganya. Mzazi anayesema Forever… haimfai mwanawe wa miaka tisa anasema kweli, na Blume mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mzazi ana haki ya kuamua mwanawe asome nini. Anachokataa ni mzazi mmoja kuwaamulia wana wa jirani. Mimi naongeza jambo moja. Blume alikuwa akipokea barua maelfu kutoka kwa watoto, na mwaka 1986 alichapisha baadhi yake katika Letters to Judy. Watoto walimwandikia kuhusu talaka, upweke, kutaka kujiua, kuguswa na watu wa nyumbani mwao. Walimwandikia mgeni kwa sababu walishindwa kumwambia mtu aliye karibu. Mzazi akikifungia kitabu, swali la mtoto halifungiki; linatafuta mlango mwingine, na siku hizi mlango huo ni simu.

Jambo hili linawagusa Waswahili waliohamia Marekani kuliko wanavyodhani, maana watoto wao wamo katika shule hizohizo, na haki zao zinategemea wanaishi wapi. Mei 2025, mahakama ya rufaa inayosimamia Texas, Louisiana na Mississippi ilitoa uamuzi katika kesi ya wilaya ya Llano huko Texas, ambako vitabu 17 viliondolewa maktaba ya umma, vikiwemo vya watoto vya utani kuhusu kujamba. Wengi wa majaji walisema wasomaji hawawezi kutumia Marekebisho ya Kwanza kupinga maktaba kuondoa vitabu. Uamuzi huo umeiweka kando kesi ya Pico katika majimbo hayo matatu. Kwa hiyo mzazi wa Houston, Texas, anayetaka kitabu kirudishwe rafuni hana mahakama ya kukimbilia kwa hoja hiyo, amebaki na kura yake na dakika chache za kusema mbele ya bodi. Wa Minneapolis ana sheria ya jimbo lake la Minnesota ya mwaka 2024 inayokataza maktaba kuondoa kitabu kwa sababu ya mawazo yaliyomo. Na wa Peoria, ule mji uliovihamisha vitabu vitatu mwaka 1984, yumo katika jimbo la kwanza lililotunga sheria ya kuzinyima ruzuku maktaba zinazopiga vitabu marufuku. Illinois iliipitisha mwaka 2023, ikaanza kutumika Januari 2024.